Kuhifadhi Tovuti za PHP Dar es Salaam: Tathmini ya Kifurushi cha Kampuni Moja ya Jijini

Kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti hapa Dar es Salaam hutangaza mambo matatu: ukubwa wa nafasi, idadi ya anwani za barua pepe na bei ya mwaka. Mwenye tovuti ya kurasa chache zisizobadilika anaweza kuchagua kwa vigezo hivyo na asijute. Mwenye tovuti iliyoandikwa kwa lugha ya programu ya PHP ana hesabu nyingine. Kila mgeni anapofungua ukurasa wake, seva hutekeleza msimbo, husoma hifadhidata, na ndipo hutengeneza jibu. Maana yake mteja huyu ananunua haki ya kuendesha programu yake kwenye mashine ambayo watu asiowajua nao wanaendesha za kwao. Kwa sababu hiyo, kifurushi ninachokieleza hapa nimekipima kwa swali moja kuliko mengine yote: kinamkinga mteja kiasi gani dhidi ya jirani aliyeko kwenye seva hiyohiyo, na dhidi ya mazoea ya kampuni yenyewe?

Kampuni hiyo sitaitaja. Mojawapo ya kasoro nitakazozieleza ilikuwa haijazibwa wakati naandika, na kutaja jina kungekuwa kuwaelekeza wezi mlango ulio wazi. Inatosha kusema kwamba ni kampuni ya jijini, kwamba seva zake ziko hapahapa Dar es Salaam, na kwamba kifurushi chenyewe ni kile cha kati, ambacho wafanyabiashara wengi hukichukua. Bei yake ni shilingi 120,000 kwa mwaka. Pamoja na VAT ya asilimia 18 niliyotozwa, jumla ni shilingi 141,600. Nililipa kwa Lipa Namba na risiti ya EFD ikaja kwa barua pepe bila kukumbushana. Tovuti nilizoziweka humo ni mbili: ya duka la vipuri vya magari lililopo Gerezani, Kariakoo, na ya zahanati ambayo wagonjwa wake huomba miadi kwa kujaza fomu.

Nianze na jirani. Kwenye seva za pamoja za zamani, PHP ilikuwa ikiendeshwa ndani ya Apache, programu inayowapelekea wageni kurasa za tovuti, kwa jina la mtumiaji mmoja tu, kwa hiyo msimbo wa tovuti yoyote uliweza kusoma faili la tovuti nyingine yoyote, likiwemo lile lenye nywila ya hifadhidata. Watengenezaji wa PHP walijaribu kuliziba tatizo hilo ndani ya lugha yenyewe kwa mpangilio uliojulikana kama safe_mode, lakini haukufanya kazi ya kutegemewa na uliondolewa moja kwa moja katika toleo la 5.4 mwaka 2012. Suluhisho la kweli liko nje ya lugha: kila akaunti iwe na mtumiaji wake kwenye Linux, mfumo endeshi wa seva, na msimbo wake uendeshwe kwa jina hilo. Ndiyo kazi mojawapo ya PHP-FPM, programu inayosimamia uendeshaji wa PHP kwenye seva, ambayo imekuwa sehemu ya PHP tangu toleo la 5.3.3 la mwaka 2010.

Kampuni hii imelifanya hilo, na imelifanya vizuri. Nilifungua akaunti mbili kwa jina langu mwenyewe, ili nisiguse mali ya mtu, kisha katika akaunti ya kwanza nikaandika skripti fupi inayojaribu kuorodhesha folda ya akaunti ya pili. Ilikataliwa. Nilipojaribu kufungua moja kwa moja faili ambalo njia yake niliijua, ilikataliwa tena, hata baada ya kulipatia faili hilo ruhusa ya 644 ambayo kwa kawaida humruhusu kila mtu kusoma. Folda kuu za akaunti zimefungwa, na PHP ya kila mteja inatembea kwa jina la mteja mwenyewe. Faida nyingine ni kwamba mteja hana tena sababu ya kuweka ruhusa ya 777, inayomruhusu kila mtu kusoma na kuandika, kwenye folda ya picha, ushauri mbaya ambao bado unasambazwa na mafundi wengi wa tovuti hapa mjini kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa.

Lakini seva hii ni kama nyumba ya kupanga ya Manzese: kila chumba kina kufuli lake imara, halafu uani ni pa wote. Uani kwenyewe ni folda ya /tmp, inayowekwa mafaili ya muda. Mtumiaji wa tovuti akiingia kwa nywila, PHP humtengenezea namba ndefu ya siri, humwekea namba hiyo kwenye kuki ya kivinjari chake, na upande wa seva huandika faili ambalo jina lake ni neno sess_ likifuatiwa na namba ileile. Katika kifurushi hiki mafaili hayo ya wateja wote yanaandikwa kwenye /tmp moja. Nilipoendesha scandir('/tmp'), amri ya kuorodhesha folda hiyo, kutoka akaunti ya kwanza, orodha ilinipa majina ya mafaili ya akaunti ya pili. Yaliyomo ndani sikuweza kuyasoma, na hapo ndipo mtu wa huduma kwa wateja aliponijibu kwamba basi hakuna tatizo. Tatizo lipo, kwa sababu jina la faili ndilo siri yenyewe. Anayeliona anaweza kuiweka namba hiyo kwenye kuki ya kivinjari chake na kuingia kwenye tovuti ya jirani kama msimamizi, bila kujua nywila yoyote. Na PHP ina amri ya fileowner inayomwonyesha kila faili ni la akaunti ipi.

Kuliziba si kazi kubwa. Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, kwa mfano, huweka mafaili haya kwenye folda yenye ruhusa ya 1733, inayowawezesha watumiaji kuandika na kufungua mafaili yao lakini hairuhusu kuorodhesha yaliyomo, tofauti na 1777 ya /tmp. Kampuni inaweza pia kumpa kila mteja /tmp yake, na programu za kutenganisha akaunti zinazouzwa kwa kampuni za namna hii hulifanya hilo bila taabu. Mteja asiyetaka kusubiri anaweza kujikinga mwenyewe: atengeneze folda nje ya public_html, folda ambayo wageni wa tovuti huifikia, aipe ruhusa ya 700, yaani ya mwenyewe tu, kisha aelekeze session.save_path, mpangilio unaosema mafaili ya sess_ yakae wapi, kwenye folda hiyo kupitia faili la mipangilio la .user.ini. Nilifanya hivyo kwa tovuti zote mbili, na kuingia na kutoka kwa watumiaji kuliendelea kama kawaida. Kampuni nimeiandikia maelezo kamili na imejibu kwamba jambo hilo linafanyiwa kazi.

Matoleo ya PHP ni eneo la pili ambalo nilikaa nalo muda mrefu. Paneli, ukurasa ambao mteja husimamia akaunti yake, inamruhusu kuchagua toleo kuanzia 7.4 hadi 8.3, na kubadilisha ni suala la kubonyeza mara mbili. Hilo ni zuri. Kisichokuwa kizuri ni kwamba akaunti mpya inafunguliwa ikiwa kwenye 7.4, toleo ambalo watengenezaji wake waliacha kulitolea viraka vya usalama tarehe 28 Novemba 2022. Nilipouliza sababu, niliambiwa kwamba wateja wengi wana mifumo ya zamani. Sababu hiyo ina ukweli ndani yake: mifumo mingi ya shule na maduka hapa mjini iliandikwa na vijana waliolipwa mara moja na kuondoka, na ukiipandisha kwenye toleo la 8 inaanguka. Toleo la 8.0 lilibadilisha hata ulinganishaji wa kawaida; sharti la 0 == "abc", ambalo zamani lilikuwa kweli, sasa ni uongo, na mfumo uliojengwa juu ya tabia hiyo ya zamani hutoa majibu tofauti bila kulalamika popote. Hata hivyo, mteja mpya asiye na mfumo wa zamani hana sababu ya kurithi mzigo wa wengine. Toleo la zamani lilipaswa kuwa kitu cha kuomba.

Ipo njia ya katikati ambayo ni halali. Baadhi ya wasambazaji wa mifumo ya Linux hurekebisha wenyewe matundu ya matoleo ya zamani hata baada ya watengenezaji wa PHP kuyaacha, na kampuni inayotumia mifumo hiyo inaweza kuwa na 7.4 iliyo salama kuliko namba yake inavyoonyesha. Nililiuliza hilo mara kadhaa kwa maneno tofauti na sikupata jibu lenye maana. Mimi hulichukulia jibu la namna hiyo kuwa ni hapana.

Pamoja na toleo hilo la zamani kulikuwa na mpangilio mwingine ulionishangaza zaidi: display_errors imewashwa kwa kila akaunti mpya. Hitilafu ikitokea, mgeni yeyote anaonyeshwa njia kamili ya faili kwenye seva pamoja na jina la akaunti. Niliijaribu kwa kukosea nywila ya hifadhidata makusudi kwenye ukurasa wa majaribio uliotumia PDO, njia ya PHP ya kuwasiliana na hifadhidata, na usio na sehemu ya kudaka hitilafu. Ukurasa ulimwaga mlolongo mzima wa hitilafu: seva ya hifadhidata, jina la mtumiaji, na nywila niliyoiandika. Kuanzia toleo la 8.2 nywila hiyo hufichwa na PHP yenyewe, lakini kumbuka mteja huyu ameanzishwa kwenye 7.4. Faili la mipangilio la mfano ambalo PHP hulitoa kwa ajili ya seva za kazi huizima display_errors, hivyo kampuni haikuhitaji ubunifu wowote, ingelinakili tu. Kwa bahati nzuri paneli inamruhusu mteja kuizima mwenyewe na kuelekeza hitilafu kwenye faili la kumbukumbu.

Cheti cha usalama hakina mengi ya kusema. Kinatoka Let's Encrypt, ni cha bure, kinadumu siku 90 na kinajihuisha chenyewe kabla ya muda kuisha. Kinachoachwa kwa mteja ni kuwalazimisha wageni wapite kwenye https, jambo la mistari michache katika faili la mipangilio la .htaccess ambalo kampuni ingeweza kuliweka tayari, hasa kwa vile Chrome imekuwa ikiziwekea alama ya kutokuwa salama tovuti za http tangu Julai 2018.

Programu ya hifadhidata ni MariaDB, na lango lake la 3306 limefungwa kwa watu wa nje. Mteja anayetaka kuunganishwa kutoka ofisini kwake anaandika anwani yake ya intaneti kwenye paneli na kufunguliwa yeye peke yake. Huo ndio utaratibu sahihi. Ni vyema pia mteja aelewe mpaka wa jukumu la kampuni hapa: kama msimbo wake unachukua alichoandika mgeni kwenye fomu na kukiunganisha moja kwa moja ndani ya sentensi ya SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, hakuna seva itakayomwokoa. PDO, inayowezesha kutuma alichoandika mgeni kando na amri yenyewe, ipo tangu toleo la 5.1 la mwaka 2005, na amri za kale za mysql_query ziliondolewa kabisa katika toleo la 7.0 mwaka 2015, kwa hiyo fundi anayeendelea kuandika kwa mtindo huo leo anapaswa kuulizwa maswali magumu na anayemlipa.

Juu ya hayo kampuni imeweka ModSecurity, kichujio kinachokagua kila ombi kabla halijafika kwenye PHP. Kimenifaa na kimenisumbua. Kwenye kumbukumbu zake nilikuta majaribio mengi ya kutafuta mafaili ya .env, yanayotunza nywila na mipangilio, na kurasa za kuingilia za WordPress, yote yamekataliwa mlangoni. Lakini muuza vipuri wa Gerezani alipotaka kuweka maelezo ya bidhaa yenye jedwali la vipimo, alikataliwa yeye pia kwa jibu la 403, yaani hairuhusiwi, na kila alipofupisha maelezo aliendelea kukataliwa. Kila kanuni ya kichujio hiki ina namba yake, na namba ya kanuni iliyomkwaza ilikuwa imeandikwa wazi kwenye kumbukumbu; niliituma pamoja na malalamiko. Majibu yalikuja upesi, tatizo likaisha, na nilipochunguza nikakuta wamezima kichujio kizima kwa tovuti ile. Ilibidi niandike tena kuomba kiwashwe na kanuni moja tu ndiyo iondolewe. Mteja asiyejua kusoma kumbukumbu angeshukuru na kubaki bila kinga asijue.

Huduma kwa wateja, kwa kweli, ni ya watu wenye adabu na wepesi wa kujibu mchana, na ndiyo maana udhaifu wake mkubwa unaweza kupita bila kuonekana. Nikitumia namba ya simu isiyokuwepo kwenye akaunti yangu, niliandika kwa WhatsApp: "Habari za mchana. Nimesahau nywila ya paneli ya tovuti hii," nikataja jina la kikoa. Jibu: "Salama kaka, pole sana. Subiri kidogo nikuwekee mpya." Muda si mrefu nywila mpya ikaingia kwenye mazungumzo yaleyale. Hakuna aliyeniuliza jina la mwenye akaunti, wala namba ya ankara, wala kama ninaweza kuthibitisha kwa barua pepe iliyosajiliwa. Nilipowaeleza kwamba wamenipa funguo bila kunijua, nilijibiwa: "Sawa kaka, tutalifikisha kwa wakubwa." Paneli yenyewe ina uthibitisho wa hatua mbili kwa namba za siri zinazobadilika kwenye simu, ila hauwashwi mpaka mteja auwashe. Auwashe siku hiyohiyo anayofungua akaunti. Utengaji wote wa akaunti niliousifu juu hauna thamani ikiwa ufunguo unatolewa kwa salamu nzuri.

Nakala rudufu huchukuliwa kila usiku, ndivyo tangazo linavyosema, na ni kweli huchukuliwa. Nilifuta makusudi folda moja ya picha pamoja na jedwali moja la hifadhidata kwenye akaunti ya majaribio, kisha nikaomba virudishwe. Picha zilirudi kesho yake alasiri. Jedwali lilirudi pia, lakini kutoka nakala ya usiku tofauti, kwa hiyo rekodi na picha zake hazikuoana. Nilijulishwa pia, bila kuficha, kwamba nakala zinakaa kwenye diski nyingine ya mashine ileile. Hilo linamsaidia mtu aliyefuta faili kwa mkono wake. Mashine ikiharibika au ikitekwa, halimsaidii yeyote. Nimeweka kazi ya cron, yaani inayojiendesha kwa ratiba, inayotoa nakala kila usiku kwa mysqldump, amri ya kunakili hifadhidata, kwenye folda iliyo nje ya public_html, na kompyuta ya ofisini inazichukua asubuhi. Nakala ya hifadhidata isiachwe ndani ya public_html hata kwa saa moja. Majina kama backup.sql ni miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo roboti za wadukuzi huviulizia.

Upande wa kasi, kuwepo kwa seva hapa nchini kunaonekana bila kipimo maalumu. Ombi kutoka simu iliyopo Mbezi halihitaji kusafiri hadi Ulaya na kurudi, kwa sababu mitandao ya ndani hukutana hapahapa Dar es Salaam kwenye kituo cha TIX. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, tovuti nyingi zinazohifadhiwa nje zilifunguka kwa taabu au hazikufunguka kabisa, na duka la Kariakoo lenye tovuti iliyohifadhiwa nje likajikuta haliwezi kufikiwa na mteja wa Ilala. Kwa biashara ambayo wateja wake wako hapa, hiyo ni hoja nzito ya kuhifadhi nyumbani, hata kama kampuni za nje zina mipangilio bora ya usalama.

Kwa zahanati kuna hoja ya kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatofautisha mkusanyaji wa taarifa na mchakataji wake, na inaweka masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi. Taarifa za afya zimo katika zile inazoziita nyeti. Kuhifadhi hapa nchini kunarahisisha sehemu ya mzigo huo. Kampuni ilipoombwa mkataba unaoeleza majukumu yake kama mchakataji, na itamjulisha mteja kwa utaratibu gani endapo seva itaingiliwa, ilituma vigezo na masharti ya kawaida ya matumizi, ambavyo vinazungumzia zaidi kuchelewa kulipa.

Kwa hiyo nimezigawa. Tovuti ya duka imebaki, ikiwa kwenye PHP 8.3, mafaili ya vikao, yale ya sess_, yakiwa folda ya peke yake, hitilafu zikiandikwa kwenye kumbukumbu na uthibitisho wa hatua mbili ukiwa umewashwa. Kwa bei ile na kasi ile, sijaona sababu ya kuihamisha. Ya zahanati nimeihamishia kwenye seva pepe ya peke yake, hukuhuku jijini, kwa gharama kubwa zaidi ambayo mwenye zahanati aliikubali baada ya kuonyeshwa orodha ya /tmp. Uhamisho wenyewe ulikwenda vizuri, isipokuwa jambo moja lililochukua muda kuliko mengine yote: kampuni ilikuwa imesajili kikoa cha .co.tz kwa jina lake yenyewe badala ya jina la zahanati, na ikabidi barua rasmi yenye muhuri ipelekwe ofisini kwao ndipo usajili ukabadilishwa. Anayejiunga leo atazame usajili wa kikoa chake siku ileile aliyolipa, wakati ankara bado iko mezani na kijana wa mauzo bado anapokea simu.